Ushauri wa Shangazi: Wakala wa mkopo wa nyumba anataka laki sita kabla ya kwenda benki

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni muuguzi katika hospitali ya serikali hapa Mbeya. Mume wangu ana duka la spea za magari Sae. Tuna watoto watatu na tumepanga Ilomba tangu tuoane. Sasa mwenye nyumba wetu ametuambia kijana wake anarudi kutoka masomoni na anataka kuoa, kwa hiyo tutafute pa kwenda kabla ya mwezi wa sita. Nimechoka kupanga, Shangazi. Kila tukihama kabati linavunjika mguu mwingine.

Tumepata nyumba Isyesye. Ina vyumba vitatu, imeshapauliwa, madirisha yana nondo na maji yamefika uani. Plasta na sakafu bado. Mwenyewe anataka milioni 55 na anasema ana wateja wengine. Sisi tuna milioni 15, kumi za mume wangu na tano za hisa zangu za VICOBA. Zinapungua milioni 40.

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, yuko Texas na mwaka juzi alinunua nyumba huko. Alipopiga simu alituambia tusihangaike kwenda benki wenyewe, tutafute dalali wa mikopo ya nyumba atuzungukie mabenki yote na kutuletea yenye riba ndogo. Yeye alifanya hivyo hivyo. Basi nikaanza kuulizia kazini, na mwenzangu mmoja akanipa namba ya kaka mmoja mwenye ofisi ghorofani pale Mwanjelwa. Anajiita wakala wa mikopo ya nyumba. Ni mtu wa heshima, anaongea taratibu, na ukutani ana picha nyingi za nyumba.

Ameniambia atanipatia milioni 40 kwa miaka 15, riba asilimia 17, ndani ya wiki mbili, kwa sababu ana watu wake ndani ya benki. Tena benki hiyo hiyo itanunua deni langu la zamani (nina mkopo wa mshahara, nakatwa 240,000 kwa mwezi, imebaki miaka mitatu). Anataka laki sita za kufungua faili, halafu mkopo ukitoka achukue asilimia 5. Ameshachukua kopi ya salari slipu na ya kitambulisho changu cha NIDA. Kuna fomu pia amenipa nisaini, ina sehemu nyingi hazijajazwa, amesema atazijaza mwenyewe ofisini. Sijasaini bado.

Jambo lingine ni kwamba nyumba yenyewe haina hati miliki. Muuzaji ana karatasi ya mauziano ya mwaka 2016 yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Wakala anasema hilo lisitutishe, kwa kuanzia tuweke shamba la kahawa la baba mkwe kule Mbozi ambalo lina hati ya kimila, halafu hati ya Isyesye ataitengeneza yeye polepole. Baba mkwe bado hatujamwambia.

Mshahara wangu wa msingi ni 1,100,000. Mume wangu hesabu zake ziko kwenye daftari na pesa nyingi zinapita kwenye simu.

Shangazi, wewe ulifanya kazi dawati la mikopo miaka mingi. Huyu kaka tumwamini? Na kama siye, hapa Mbeya tutampata wapi dalali mzuri wa mikopo ya nyumba?

Ndaga fijo.

Mpangaji wa Ilomba


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, binti yangu. Laki sita usitoe. Fomu yenye sehemu tupu usisaini, hata akikuambia faili linafungwa leo jioni. Hayo mawili yafanye leo, mengine tuyapitie pamoja.

Shemeji yako hakukudanganya. Amekwambia ya kwake. Huko Marekani kazi hiyo ipo kisheria. Tangu sheria yao ya mwaka 2008, mtu anayekutafutia mkopo wa nyumba lazima awe kwenye daftari la taifa, na ana namba yake ambayo mteja anaitafuta kwenye mtandao kabla hata ya kumpa jina. Malipo yake nayo yana kanuni: akilipwa na benki hawezi kukutoza na wewe kwa mkopo ule ule. Akikosea ananyang'anywa leseni. Huyu wa Mwanjelwa muulize namba yake ni ipi na nani alimpa leseni ya kutafutia watu mikopo ya nyumba. Atakuonyesha leseni ya biashara ya halmashauri, ambayo hata mwenye genge la nyanya anaweza kuwa nayo, au atakuambia tena kuhusu watu wake wa ndani.

Hapa kwetu kazi anayodai kukufanyia inafanywa na afisa mikopo aliyekaa dawatini, na analipwa mshahara na benki yake. Mabenki yanayotoa mikopo ya nyumba matawi yao yako mjini hapa hapa, unayazungukia yote kwa asubuhi mbili za mapumziko yako ya zamu. Ndiyo maana hujasikia mtu akisifia dalali wa mikopo ya nyumba wa Mbeya. Nikuulize mimi: kama mkopo wako unakubalika, yeye anaongeza nini? Na kama haukubaliki, hao watu wake wa ndani watafanya nini ambacho si kughushi karatasi kwa jina lako? Nilipokuwa dawatini tuliyajua mafaili ya namna hiyo. Yanakuja yamenona, salari slipu ina tarakimu ambazo mwajiri hazijui. Yakigundulika, wakala hapatikani kwenye simu, na anayeitwa kujieleza ni mwenye jina.

Sasa tushike kalamu, maana hesabu za huyo kaka zinavunjika kwenye salari slipu yako mwenyewe.

Milioni 40 kwa miaka 15, riba asilimia 17 inayopungua kadiri deni linavyopungua, rejesho lake ni kama 616,000 kwa mwezi. Mshahara wa msingi ni 1,100,000. Toa PSSSF (mfuko wa pensheni) asilimia 5, bima ya afya asilimia 3, chama cha wafanyakazi asilimia 2 kama umo, na kodi ya mshahara. Jumla inakuja karibu 251,500. Ongeza mkopo wako wa sasa, 240,000. Umeshakatwa 491,500. Na unajua, maana kila mtumishi anaijua, kwamba theluthi moja ya mshahara wa msingi lazima ibaki mkononi. Theluthi yako ni 366,700 hivi. Nafasi iliyobaki ya kukatwa ni kama 242,000 tu.

Yaani 242,000 ndizo zibebe rejesho la 616,000. Haiwezekani. Kwa nafasi hiyo, miaka 15 na riba ile ile, mshahara wako peke yake unabeba mkopo usiofika milioni 16. Hata deni la zamani likifutika lote leo, unafika milioni 31 na ushee, si 40. Na sijahesabu Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ambayo hukutaja kama ulishamaliza. Kama bado wanakukata asilimia 15, ile nafasi ya 242,000 inashuka mpaka kama 77,000. Wakala ana kopi ya slipu yako. Hesabu hii aliweza kuifanya kwa dakika tano akiwa amekaa pale pale. Ama hajui kazi, ama anajua na anachotafuta ni laki sita tu.

Hilo la benki mpya kununua deni lako lina asali juu na shubiri chini, nalo nataka uliangalie kwa makini kwa sababu watumishi wengi wameingia humo. Kwa 240,000 kwa mwezi na miezi 36 iliyobaki, utalipa jumla 8,640,000 na deni litakuwa limekwisha. Ukienda leo kuomba kulimaliza kwa mkupuo, benki pengine itakwambia salio ni kati ya milioni 6.5 na 7, kutegemea riba yako. Sasa lichukue salio hilo, tuseme milioni 6.7, ulitie ndani ya mkopo wa nyumba wa miaka 15. Makato yanashuka, unafurahi, badala ya 240,000 unalipa kama 103,000. Lakini unazilipa miezi 180, na mpaka mwisho umetoa zaidi ya milioni 18.5. Deni la milioni nane na nusu limekuwa la kumi na nane, na chochote ulichonunua kwa mkopo ule kitakuwa kimeshatupwa jalalani.

Sisemi kuhamisha mkopo ni kubaya siku zote. Kama una mkopo wa nyumba wenye riba ya 19 na benki nyingine inakupa 15, hiyo ni fedha halisi. Kwa milioni 40 za miaka 15, tofauti ya asilimia 17 na 15 peke yake ni kama 56,000 kila mwezi, milioni kumi mpaka mwisho. Ila katika hiyo toa adhabu ya kumaliza mapema kule unakotoka, ada ya mkopo mpya, tathmini mpya na gharama za kuondoa rehani moja na kusajili nyingine. Kinachobaki ndicho faida. Wewe lakini huna mkopo wa nyumba. Una mkopo wa mshahara wenye mwisho unaoonekana, uache ufe kifo chake.

Miaka nayo wanaipenda sana kuirefusha. Ukiambiwa chukua 20 badala ya 15 ili rejesho lishuke, milioni 40 kwa asilimia 17 inakuwa 587,000 badala ya 616,000. Umepunguza 29,000 kwa mwezi, na jumla imepanda kutoka kama milioni 111 hadi 141. Hayo uyajue kabla hujafurahia unafuu.

Twende kwenye nyumba, maana hapo ndipo kuna tatizo kubwa kuliko hata wakala. Mkopo wa nyumba wa miaka mingi unasimama juu ya hati miliki. Benki inaisajili rehani kwa Msajili wa Hati, na pasipo hati hakuna cha kusajili. Mauziano yenye muhuri wa mtaa yanaonyesha kwamba watu wawili walikubaliana mwaka 2016 mbele ya mwenyekiti. Hayaonyeshi kwamba kiwanja kimepimwa, wala kwamba hakiko kwenye hifadhi ya barabara, wala kwamba hakikuuzwa mara mbili. Mwambie muuzaji akupe namba ya kiwanja na kitalu. Mitaa mingi ya jiji imepitiwa na urasimishaji, yaani kupima na kumilikisha viwanja ambavyo watu walishajenga, inawezekana michoro imepita na yeye hakumalizia kulipia tu. Akikupa namba, nenda idara ya ardhi ya jiji waangalie mchoro na ramani ya upimaji, kisha Ofisi ya Ardhi ya Mkoa ufanye upekuzi rasmi, yaani kuangaliziwa kwenye daftari lao nani mmiliki. Ada ya upekuzi ni ndogo sana kuliko laki sita za huyo wakala, na jibu lake linakuja kwa maandishi. Akisitasita kukupa namba, au akasema ipo kwa ndugu yake aliyesafiri, umeshajibiwa.

Halafu umemtaja muuzaji, hukumtaja mke wake. Ana mke? Yuko wapi? Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mmoja auze au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inalirudia kwenye rehani. Mke anaweza kutokea Chunya baada ya wewe kupaka rangi. Ridhaa yake iandikwe na aisaini mwenyewe mbele ya wakili, si kwa ujumbe wa simu. Na ninyi wawili itawahusu vilevile siku mkikopa: benki itataka saini ya mumeo, na ni haki yake kujua anachosaini.

Shamba la baba mkwe liacheni. Naijua Mbozi. Ndiko hati za kimila zilikoanzia kujaribiwa baada ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, enzi hizo ikiwa bado mkoa wa Mbeya kabla Songwe haijazaliwa mwaka 2016, na wazee wa kule wanazitunza hati hizo chini ya godoro kwa heshima. Kisheria hati ya kimila inaweza kuwekwa dhamana. Ila benki inajua kwamba siku ukishindwa, kuliuza shamba la kijijini kwa mtu asiye wa pale ni kazi ngumu inayopitia halmashauri ya kijiji, kwa hiyo nyingi hazilitaki kwa mkopo wa nyumba ya mjini. Wanaolikubali kwa haraka ni wale wa kausha damu. Tena kahawa ile si ya mumeo, ni ya mzee na watoto wake wote, na huyo aliyeko Texas akiwamo. Mtu mzima anapangiwa shamba lake ghorofani Mwanjelwa na hajaambiwa! Mumeo aende akamwambie baba yake kilichotaka kutokea kabla hajakisikia kwa wengine.

Umeniuliza umpate wapi dalali mzuri. Fedha za dalali walipeni watu watatu wanaowafanyia kazi ninyi.

Wa kwanza ni wakili. Jina lake likague kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, unaonyesha kama ana ruhusa ya kufanya kazi mwaka huu. Asiwe wakili aliyeletwa na muuzaji. Kazi yake ni kuandika mkataba wa mauziano, kusimamia ridhaa ya mke, na kuweka ndani ya mkataba kwamba sehemu kubwa ya bei italipwa hati ikishatoka. Wa pili ni mthamini aliyesajiliwa na bodi yao. Muulizeni benki kwanza wanawakubali wathamini gani, msije mkalipia ripoti ambayo benki itaitupa. Milioni 55 ni bei ya muuzaji. Mthamini akisema nyumba ile isiyo na plasta ni ya milioni 42, benki itahesabu kwa 42, na mtakuwa na sababu ya kukaa chini na muuzaji upya. Wa tatu ni fundi mnayemwamini, akaangalie msingi na kuezua kipande cha paa. Isyesye wakati wa masika si Isyesye ya Septemba.

Hao walipwe kwa kazi waliyoifanya, na wakupe risiti.

Benki nenda na mumeo, benki tatu, na maswali yale yale kwenye daftari moja ili majibu yalingane. Riba ni ya kupungua au ni flati, yaani inayohesabiwa kwa deni lote la mwanzo mpaka siku ya mwisho? Hilo liulize la kwanza. Mfano wa fedha ndogo: milioni 10 kwa miaka mitatu, asilimia 18. Ikiwa ya kupungua unalipa riba kama milioni 3. Ikiwa flati, milioni 5.4. Hiyo flati ya 18 ukiigeuza kuwa ya kupungua ni zaidi ya asilimia 30, lakini kwenye bango zote mbili zimeandikwa 18. Riba imefungwa au inaweza kubadilishwa katikati, na ikibadilishwa nitajuaje? Ada ya mkopo ni kiasi gani, bima ya maisha na bima ya moto ni kiasi gani, zinakatwa mwanzoni au kila mwaka? Nikipata fedha nikataka kumaliza mapema, adhabu ipo? Mwisho muombe akuandikie jumla yote utakayolipa mpaka siku ya mwisho. Afisa anayekataa kuandika tarakimu hiyo, msalimie vizuri uondoke. Riba za mikopo ya nyumba hapa nchini kwa miaka mingi zimekuwa kati ya 15 na 19, kwa hiyo ile 17 ya wakala haikuwa zawadi, ungeipata kwa kupanga foleni.

Mtu anaweza kukwambia uende TMRC. Usihangaike. Hiyo kampuni ilianzishwa mwaka 2010 kuyakopesha mabenki ili nayo yaweze kukopesha kwa miaka mingi. Haina dirisha la kukuhudumia wewe. Kama mtumishi wa umma, ulizia pia Watumishi Housing, taasisi ya serikali inayojenga nyumba za watumishi, na SACCOS ya kazini kwako kama ipo hai na imesajiliwa. Anayekukopesha bila kuwa benki, SACCOS wala kikundi kama VICOBA anatakiwa awe na leseni ya Benki Kuu chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, na Benki Kuu ina tawi hapa Mbeya, kaulize.

Kwa mumeo nina neno, na asinichukie. Duka la Sae linaingiza fedha, nina hakika, ila benki haisomi daftari lenye alama za grisi. Kuanzia wiki hii mauzo yapite akaunti ya benki au lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la biashara, TIN iwe hai, leseni isiwe ya mwaka juzi. Mkopo wa pamoja wa mke na mume unahesabu vipato viwili, na ndiyo njia pekee ninayoiona ya kuzifikia milioni 40 kihalali. Benki nyingi zitataka kuona mzunguko wa miezi sita, nyingine mwaka mzima. Kwa hiyo mwezi wa sita hamtahamia Isyesye.

Najua hilo ndilo usilotaka kulisikia. Pangeni tena. Tafuteni nyumba ya kawaida, ya bei ya chini kuliko ya sasa mkiweza, kwa mwaka mmoja. Katika mwaka huo mkopo wa mshahara utapungua kwa miezi 12, mzunguko wa duka utaonekana, na milioni 15 zitakuwa zimekua badala ya kuliwa na faili. Muuzaji kama bado anaitaka fedha yenu, na upekuzi ukaja safi, wakili aandike mkataba wenye malipo madogo ya awali na muda wa yeye kukamilisha hati. Zile 15 zote asizipate kwa karatasi ya mtaa. Akiuza kwa mwingine, mwacheni. Nyumba zilizopauliwa zisizo na plasta Mbeya hii hazijawahi kwisha sokoni.

Msichukue mkopo mdogo wa haraka ili "kuishika" nyumba. Na siku mtakapokopa wa nyumba, mjue kwamba mkichelewa kulipa benki inatoa notisi ya siku 60, na baada ya hapo inaweza kuuza bila kwanza kwenda mahakamani. Ukiona mwezi unaelekea kukushinda, nenda benki kabla ya tarehe ya rejesho ukaombe kupangiwa upya. Wanaosikilizwa ni wale waliokuja wenyewe.

Limebaki suala la kopi zako. Mwandikie wakala ujumbe wa kawaida kwenye simu, bila matusi, kwamba hujampa idhini ya kuomba mkopo wowote kwa jina lako na unaomba nyaraka zako zirudi. Uhifadhi ujumbe huo. Mwambie na ofisa utumishi wako kazini ili fomu yoyote ya mkopo yenye jina lako isigongwe muhuri bila wewe kuwepo. Baada ya mwezi mmoja hivi, ukiwa benki, omba taarifa yako kutoka kwa wakala wa taarifa za mikopo mwenye leseni ya Benki Kuu. Itaonyesha kila deni lililosajiliwa kwa jina lako. Ukikuta usilolijua, lipinge kwa maandishi siku hiyo hiyo na uende polisi na ule ujumbe.

Na yule mwenzako wa kazini aliyekupa namba, muulize kwa upole kama yeye alishawahi kupata mkopo kupitia huyo kaka, au naye alipewa namba tu.